Mia Tano za Usanii

Kuanguka mbele ya watu Kisumu kuna gharama kubwa kuliko matibabu yenyewe. Mtu wa hapa hatoki nyumbani hivi hivi. Hata anayekwenda kununua sukuma wiki Kibuye Jumapili asubuhi amepiga pasi, viatu vinang'aa, na miwani ya jua iko juu ya paji la uso ingawa mawingu yametanda kutoka Kisian hadi Nyamasaria. Kwa hiyo bodaboda ikiteleza pale Kondele wakati wa mvua za masika na kummwaga abiria kwenye tope, kinachovunjika kwanza si mfupa. Watu wanacheka, halafu wanasema pole, halafu kijana mmoja anakuletea kiatu kilichorukia ng'ambo ya barabara, anakigeuza geuza na kukisifu: "Kiatu safi, mwalimu. Ulinunua wapi?" Swali hilo nimewahi kulijibu nikiwa bado nimekaa chini.

Ndiyo maana niliipenda SkateBIRD hata kabla sijajua kuicheza. Ni gemu ya video ambayo mhusika wake mkuu ni ndege, tena ndege mdogo wa kutosha kiganjani, na kazi yake ni kuteleza juu ya ubao wa magurudumu. Akikosea anapinduka, anabingirika, analala kidogo kama aliyechoka na dunia, kisha huyo anapanda tena. Hakuna damu wala mtu wa kumletea kiatu. Nilipoona anguko lake la kwanza nilijua waliomtengeneza hawajafika Kondele.

Ilifika kwetu Migosi ndani ya begi la dada yangu anayeishi Marekani. Alikuja Krismasi na Nintendo Switch, mashine ya gemu, iliyokwisha kutumika, sabuni za kutosha ploti nzima, na begi lenyewe likiwa limepoteza gurudumu moja safarini. Dada alirudi Januari, begi likabaki. Naomba ulikumbuke hilo begi.

Gemu yenyewe ni kazi ya Glass Bottom Games, kampuni ndogo ya Marekani. Mwaka 2019 walipitisha mchango kwenye Kickstarter, harambee tupu isipokuwa hakukuwa na mbunge wa kupiga picha akikabidhi bahasha, na tarehe 16 Septemba 2021 ndege wakatoka kiotani. Kucheza si kugumu kueleza. Unashika kitufe, ndege anachutama. Unakiachia, anaruka na ubao wake. Akiwa hewani unaweza kuuzungusha ubao chini ya miguu yake, au kumpigisha mabawa apande juu zaidi, jambo ambalo binadamu wa skeitibodi hajajaliwa. Akikaribia ukingo unabonyeza kingine, anatua juu yake na kuserereka. Ukiunganisha staili moja na nyingine bila kupumzika, alama zinajizidisha. Ukianguka kabla hujatua vizuri, mnyororo mzima umekwenda na maji. Kanuni hiyo iliwashika vijana wa dunia nzima tangu Tony Hawk's Pro Skater ya mwaka 1999, na SkateBIRD haifichi kwamba imesomea shule hiyo.

Ni gemu ya tamaa basi, na tabia za watu zinaonekana humo waziwazi. Binti yangu wa Gredi ya Sita anafanya staili mbili za heshima, anatua, anaweka alama akiba. Mdogo wake daima anataka moja zaidi. Anakuwa na utajiri wa kutisha hewani, mbele ya mashahidi, na sekunde inayofuata hana hata ndururu. Mimi tatizo la tamaa sina. Huwa naanguka kabla ya staili ya kwanza.

Uwanja wa kwanza wa kuteleza ni chumba cha kulala, na chumba hicho kimetazamwa kutoka urefu wa shomoro. Reli ni mirija ya soda iliyopindwa. Gazeti lililokunjwa ni mlima wa kupanda na kushuka, na ubao wenyewe ni ule mdogo ambao vijana huchezea kwa vidole viwili juu ya dawati mwalimu akigeuka. (Nimewanyang'anya wanafunzi wangu bao hizo. Ziko kwenye droo yangu, na sasa nazitazama kwa heshima zaidi.) Adui mkubwa ni kamera. Gemu ilipotoka wahakiki wengi waliilalamikia, na hawakumsingizia mtu: ndege akiingia kona, kamera nayo inajibanza nyuma ya kitu, na unabaki ukimwongoza ndege usiyemwona, kwa imani tu. Mama yangu, ambaye ni mtu wa maombi, ndiye pekee aliyevumilia sehemu hizo bila kulalamika.

Kinachokula muda nyumbani kwetu, lakini, si kuteleza. Ni kuvaa. Gemu inakuruhusu kumchagua ndege wako na kumpamba: kofia, skafu, vikorokoro vya kila aina, na vingine unavipata kwa kuvitafuta uwanjani. Ungemwona binti yangu. Ndege amesimama, muziki unalia taratibu, na anabadilishwa kofia, anageuzwa huku na huku kama bwana harusi, anarudishiwa ya kwanza. Jioni nzima inapita hajakanyaga ubao. Nilipomwambia aanze kucheza alinijibu, "Baba, hawezi kwenda hivyo," na kwa kweli ningesema nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilisha shati ili niende dukani kununua mkate.

Na kuna kitufe cha kupiga kelele. Kitufe kizima, kilichotengwa kwa ajili ya ndege kufungua mdomo na kulia wakati wowote anaojisikia, awe amefanya jambo la maana au hajafanya. Wanangu hukibonyeza kuliko vyote. Aliyekibuni hakuzaliwa ukanda huu, ila angekaribishwa vizuri sana kwenye mechi ya Gor Mahia.

Mama alikuwa amekuja kutoka Seme kutibiwa macho, akawekwa kwenye kochi lililo mbele ya runinga, na hivyo akaingia kwenye hadithi bila kuombwa. Maana hadithi ipo. Ndege hawa wana rafiki yao binadamu, huyo wanamwita Rafiki Mkubwa. Zamani alikuwa akiteleza kwenye ubao, akifurahi. Sasa ana kazi inayommaliza, chumba kimejaa takataka, furaha imemtoka, na ndege wameamua kumsaidia kwa njia wanayoijua: kusafisha, kupanga, na kuteleza mpaka akumbuke.

"Huyo mtu ana mke?" Mama akauliza.

"Hatujui, Dani," binti yangu akamjibu bibi yake.

"Basi ndiyo ugonjwa wenyewe. Na hao ndege anawalisha nini?"

Watoto wakatazamana. Hakuna mahali walipowahi kuona ndege akila.

"Yaye!" Mama akapiga paja. "Wanafagia nyumba, hawalishwi, na bado mnawaangusha. Nyinyi hapa mnakula mara tatu, kikombe kimoja mnasukumiana kukiosha hadi jioni."

Tangu hapo akawa mtazamaji wa kudumu. Macho yaliyokuja kutibiwa yakapata kazi mpya. Usiku mmoja mdogo wao alikuwa na kibarua cha kumaliza kabla ya saa kwisha, maana gemu hukupa vibarua vya namna hiyo, kukusanya vitu vilivyotapakaa ukishindana na sekunde, na ilibaki kidogo sana. Sote tumesimama. Stima ikapotea. Giza likashika mtaa mzima, mbwa wakabweka, na kutoka ploti ya jirani tukasikia jumba zima likiguna kwa pamoja, wao walikuwa kwenye mpira. Sasa Switch ina betri yake. Ukiichomoa kwenye kitako chake inakuwa runinga ndogo ya mkononi. Mtoto akaichomoa gizani kwa pupa. Alivyochomoa pamoja nayo ni waya, glasi ya maji iliyokuwa juu ya kitambaa cha meza, na kitambaa chenyewe. Mama akapata maji yote kifuani. Hakusogea. "Endelea," alisema, "mtu ana shida huko."

Anayedhani ndege kuteleza ni ndoto za Wamarekani hajakaa ufukweni Dunga asubuhi upepo ukigeuka. Magugu maji yalivamia Ziwa Viktoria miaka zaidi ya 30 iliyopita, na mwishoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa yameifunika Ghuba ya Winam kiasi kwamba mashua zilikuwa mateka. Fukusi waliletwa wayale, wakala. Yakapungua, yakarudi, na mpaka leo yanakuja na kuondoka kwa kufuata upepo. Yakikatika vipande yanaelea kama visiwa, na juu ya kila kisiwa kuna yangeyange amesimama. Hapigi bawa. Mguu mmoja ameukunja, shingo wima, anavuka ghuba bure akitazama mbele. Ubao ni wa kijani, magurudumu hauna, lakini huo ni utelezaji.

Nililiona hilo vizuri kuliko nilivyopenda. Shemeji yangu wa Machakos alikuja kututembelea na nikaahidi kumwonyesha viboko. Nilivaa shati jeupe, kwa sababu shemeji ni shemeji. Tulitoka Dunga maji yakiwa wazi, tukawaona viboko kwa mbali, masikio tu na pua, tukaridhika, tukageuza. Kumbe upepo nao umegeuza. Njia tuliyopitia ilikuwa bustani. Nahodha akajaribu kupita, mizizi ikajisokota kwenye rafadha ya injini, injini ikakohoa na kunyamaza. Akashika pondo akaanza kusukuma, mimi nikapewa kazi ya kuyang'oa magugu kwa mikono, na yale magugu chini ya maji yana mizizi myeusi yenye matope ya kutosha kummaliza mwenye shati jeupe. Jua likapanda. Ndipo yangeyange akatupita. Alikuwa umbali wa kasia, juu ya kisiwa chake, amenyooka, msafi, mweupe pe. Akatupita taratibu hadi akatangulia mbele yetu.

Shemeji akamfuata kwa macho. "Yule," akaniuliza, "amelipa shilingi ngapi?"

Watu wanaoteleza kwa magurudumu wapo pia kandokando ya ziwa hili hili. Kitintale, Kampala, vijana walijijengea uwanja wa skeitibodi mwaka 2006, zege halisi lenye miinuko na mabonde, kwenye mtaa ambao haukuwa na habari na mchezo huo. Hata Nairobi, mbali na ziwa, kuna uwanja ndani ya makao ya watoto ya Shangilia, Kangemi. Watoto wa mitaa yetu wao wana kigari cha beringi: ubao, beringi kuukuu za gereji, kamba ya kuongozea, na mwenzio wa kukusukuma mgongoni. Breki ni kisigino. Kisumu mjini pako tambarare, kwa hiyo anayetaka kasi anatafuta mteremko, na akiupata hukutana na tuktuk.

Lakini wanyama, ndege hasa, juu ya ubao? Hapo ndipo lawama zinapomwendea Otto. Otto alikuwa mbwa aina ya bulldog wa Lima, Peru, na mwezi Novemba 2015 alipita na ubao wake katikati ya miguu ya watu 30 waliojipanga safu wakiwa wametanua miguu, akaingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness. Binti yangu aliipata video yake. Akaitazama kimya, jambo ambalo mzazi mwenye akili huliogopa. Kisha akauliza iwapo kuku ni ndege.

Mambo yaliyofuata yalifanyika nikiwa chumbani nasahihisha karatasi, ila ushahidi wa kutosha upo, na mwingine uko kwenye simu. Walichukua kigoda kilichovunjika, wakaondoa miguu, wakabakiza kiti. Wakalirudia begi la dada, magurudumu matatu yaliyobaki wakayafungua kwa kisu cha jikoni na kuyakaza chini ya ubao, mawili nyuma, moja mbele. Sakafu ya sebule yetu imeinamia mlangoni, fundi aliilaza hivyo ili maji ya kupigia deki yatoke yenyewe. Baada ya mlango kuna varanda, baada ya varanda kuna ngazi fupi, na chini ya ngazi, siku hiyo ya Jumamosi, jirani yetu alikuwa ameinamia beseni akifua mashati meupe ya shule.

Kuku ni wa jirani huyo huyo. Mwekundu, ana kishungi, mtagaji maarufu. Walimwita kwa omena. Walimpangia omena mmoja mmoja kutoka varanda hadi katikati ya sebule, na wa mwisho, mkubwa, wakamlaza juu ya ubao. Video inaanzia hapo. Kuku anakuja akidonoa, anainua kichwa, anatazama ubao kwa jicho la kulia, anageuka anautazama kwa la kushoto. Anapanda mguu mmoja. Anasikilizia. Anapanda wa pili. Mdomo unamfikia omena, na papo hapo mdogo wao, kwa kidole kimoja tu, hilo amelirudia mara nyingi katika utetezi wake, akausukuma ubao.

Sitamnyima kuku haki yake. Alichutama. Hakuna aliyemfundisha, lakini alichutama kama gemu inavyotaka, shingo mbele, mkia juu, na omena hakumwachia. Alivuka kizingiti akiwa wima. Alivuka varanda akiwa wima, magurudumu yakipiga kelele kwenye viungo vya vigae. Ubao ulipofika kwenye ngazi ukabaki, yeye akaendelea. Hewani akapiga mabawa, akapanda juu kidogo zaidi, na hapo sauti ya binti yangu inasikika ikisema "Combo!" Akatua ndani ya beseni.

Jirani alipiga kelele ambayo kitufe chochote kingeionea wivu. Nikatoka mbio, kalamu nyekundu mkononi, nikakanyaga ubao uliokuwa ukinisubiri juu ya ngazi. Sehemu hiyo nayo imo kwenye video. Nilishuka kwa mgongo. Nilipofumbua macho nilikuwa uso kwa uso na kuku, yeye ana povu kichwani, na ploti nzima imejaa kwenye madirisha. Walicheka, halafu wakasema pole. Pole ya kwanza alipewa kuku.

Tuliomba msamaha ipasavyo. Nilikwenda mwenyewe, nikapeleka na mche wa sabuni za dada. Jirani akapokea, akasema yamekwisha, ni watoto. Yangekwisha kweli kama ile video isingeingia kwenye kundi la WhatsApp la ploti, na kutoka hapo ikaenda ilikokwenda. Jumatatu, mwanafunzi wangu mmoja alinisalimia na kuniuliza kama mgongo haujambo, naye anakaa Ahero.

Na kuku naye akakataa kurudi kwao. Kila asubuhi yuko kwenye varanda yetu, amesimama kwenye kizingiti, anasubiri omena. Analala chini ya kochi la Mama. Mayai anayataga ndani ya begi la dada, lile lisilo na gurudumu hata moja. Ijumaa jioni jirani akaja, akakaa, akakubali chai, akatazama kuku wake akipita katikati ya sebule kama mwenye nyumba.

"Mwalimu," alisema, "huyu sasa ni wenu. Ninunulieni tu."

Sikubisha. Kibuye kuku wa kiasi kile ningempata kwa elfu moja, nikaitaja hiyo elfu moja.

"Elfu moja mia tano."

"Jirani, si kuku ni yule yule?"

"Yule yule ni wa juzi. Huyu wa leo anajulikana mpaka Ahero."

"Sasa hiyo mia tano ni ya nini?"

"Ya usanii."

Nilifungua kinywa nijadili. Mama, bila kubandua macho kwenye runinga, ambako mjukuu wake alikuwa akimpeleka ndege juu ya mrija wa soda, akanivuta mkono wa shati.

"Lipa, wuoda," alininong'oneza. "Lipa haraka, kabla hajakumbuka mayai."